Kipindi cha darasani jeshini: kinachobaki kichwani na kinachoishia kwenye daftari la mahudhurio

Nimekaa darasa la kijeshi nikiwa kuruta, na baadaye nimesimama mbele yake nikiwa mkufunzi. Wakufunzi wapya huwa nawapa ushauri mmoja kabla ya mwingine wowote: usijiulize umemaliza slaidi ngapi. Jiulize kila askari amelazimika kuamua nini, au kufanya nini kwa mikono yake, kabla hajatoka mlangoni.

Chukua usomaji wa ramani. Unaweza kueleza saa nzima kwamba gridi, yaani namba zinazotaja mahali kwenye ramani, ikiwa ya tarakimu nne inakupa mraba wa kilomita moja, ya tarakimu sita inakufikisha kwenye mita 100, na ya tarakimu nane mita 10. Wote wataitikia "Ndiyo, afande!" Sasa gawa ramani, mwambie kila mtu aandike gridi ya daraja unalolitaja. Utakuta wengine wameanza na namba za kaskazini badala ya zile za mashariki, na daraja limehamia kilomita kadhaa kutoka lilipo. Kosa hilo ukilikamata pale mezani, umefundisha. Lisipokamatwa, litajitokeza redioni siku mtu anapoomba helikopta ije kuchukua majeruhi.

Somo linaloniuma zaidi ni sheria za vita. Mikataba ya Geneva ya 1949 inazitaka nchi ziingize masharti yake katika mafunzo ya majeshi yao, lakini mara nyingi kinachofanyika ni kusomeana vifungu ukutani. Mimi nilikuwa natoa tukio. Uko kwenye kizuizi usiku, gari linakuja kasi, umetoa ishara halijasimama, na ndani unaona vichwa vidogo. Una sekunde chache. Unafanya nini, na kwa sababu gani? Hapo koplo aliyekuwa kimya wiki nzima anaanza kubishana na sajenti wake, na kifungu kinatafutwa kwa sababu kinahitajika. Acha wabishane. Usikimbilie kutoa jibu.

Njia hii ina umri mrefu. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, aliwaonyesha wakuu wake mchezo wa vita unaochezwa juu ya ramani. Washiriki walitoa amri zao, na mwamuzi akawapa zile taarifa tu ambazo kamanda angezipata kweli vitani. Kilichowafundisha ni kuamua huku mengi yakiwa yamefichika. Leo meza ya mchanga, yaani mfano wa eneo uliotengenezwa kwa mchanga, na vipande vya mbao vinatosha kufanya jambo lilelile, hata umeme ukikatika.

Sisemi slaidi ni adui. Picha ya silaha iliyopasuliwa ikaonyesha sehemu za ndani inaokoa maneno mengi. Lakini mwaka 2005 H. R. McMaster, wakati huo akiwa kanali wa jeshi la Marekani, alipiga marufuku PowerPoint alipoongoza operesheni ya Tal Afar nchini Iraki, kwa hoja kwamba yako matatizo yasiyoweza kukatwakatwa kuwa vidokezo. Nakubaliana naye kabisa.

Kuna suala la uchovu, ambalo wapanga ratiba hulipuuza. Kuruta ameamka kabla ya alfajiri, amekimbia, amepiga kwata, amekula, kisha anaingizwa kwenye chumba chenye giza na projekta. Atasinzia. Kumsimamisha nyuma ya chumba ni adhabu tu, hakumfundishi chochote. Nadharia iwekwe asubuhi. Mchana washike vitu.

Cheo nacho hufunga midomo. Ofisa mkuu akikaa nyuma, hakuna atakayekiri kwamba hajaelewa. Waache kwanza wajadiliane wawili wawili, kisha uliza swali, nyamaza, halafu ndipo utaje jina. Ukitaja jina kwanza, wengine wote wanaacha kufikiri.

Tangu mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus achapishe majaribio yake ya kumbukumbu mwaka 1885, inajulikana kwamba usahaulifu huja kwa kasi mwanzoni. Kwa hiyo anza kila kipindi na maswali machache ya jana na ya wiki iliyopita, bila maksi, vitabu vikiwa vimefungwa.

Ugumu mkubwa, kwa maoni yangu, uko kwa wakubwa walio juu ya mkufunzi. Makao makuu yanapotaka asilimia ya waliohudhuria, yatapata saini, na mtihani wa kuchagua jibu ambao kila mtu anafaulu. Kamanda anayejali na aje mwenyewe bila taarifa wiki chache baada ya kozi, achague askari yeyote, ampe ramani na dira, na amwombe gridi ya mahali waliposimama. Majibu atakayoyapata ndiyo ayarudishe kwa mkufunzi, pamoja na saa za ziada za kufundishia.