Farasi anapepesuka au anachechemea? Maneno ya maradhi ya shingo

Swali: Assalaam alaykum maalim. Mie nachunga farasi wa kupandisha wageni pwani huku Nungwi. Mmoja, dume wa miaka mitatu, miguu ya nyuma haimfuati vizuri. Daktari wa mifugo kaja kamtazama, kasema tatizo liko shingoni, kalitaja kwa jina la wobla. Tajiri yangu yuko mjini anataka nimwandikie khabari kwa Kiswahili. Nimeandika "farasi ana mshipa wa shingo, anachechemea". Mwenzangu anasema niandike "ana uti". Lipi sahihi?

Jibu: Waalaykum salaam mwanangu. Usitume hata moja, yote mawili yatampoteza tajiri wako na farasi ndo atakaeumia.

Tuanze na mshipa maana hili ndo linalotuponza sana. Mshipa kwetu ni kila kitu chembamba kinachopita mwilini, inayopitisha damu ni mishipa, inayopeleka khabari kutoka kwenye ubongo nayo ni mishipa, mtu akilala vibaya akaamka shingo imekaza anasema mshipa umenivuta, na mzee akikwambia kwa sauti ya chini "nna mshipa" ushajua anasemea ngiri. Sasa ukiandika farasi ana mshipa wa shingo mwenyewe atafahamu kajipinda shingo kidogo, akandwe tu atapoa. Ikiwa unakusudia ile ya khabari sema mishipa ya fahamu, au neva, neno hili limeshakaa na watu wa hospitali wanalitumia kutwa.

Uti nalo lina yake. Uti wa mgongo ni mifupa yenyewe, kila mnyama wa namna hii anao, kwa hiyo kusema "ana uti" si kutaja maradhi. Na kwenye simu ni balaa zaidi, siku hizi mtu akisoma "ana uti" anafahamu maradhi ya njia ya mkojo, ukimuongezea "wa mgongo" anakumbuka ile homa.

Maneno unayoyataka ni mawili, pingili na ugwe. Chukua tasbihi uitazame. Zile punje ndo pingili, neno lile lile la pingili ya mua, na shingo ya farasi ina pingili 7, kama yako wewe, kama ya punda, na hata twiga na shingo yake yote ile anazo 7 tu, ila zake ndefu. Kila pingili ina tundu, na ndani ya matundu hayo umepita uzi laini unaotoka kwenye ubongo. Uzi huo ndo ugwe wa mgongo, vitabu vya skuli vinauandika ugwe mgongo. Mfano wa tasbihi unafika hapo tu, kwani uzi wa tasbihi ndo unaozishika punje, lakini ugwe haushiki kitu, zinazozishika pingili ni kano na misuli. Ugwe unapita tu, laini kabisa, na pingili ikiwa na tundu jembamba au ikikaa vibaya juu ya mwenzake, unabanwa. Maradhi aliyoyataja daktari ni huko kubanwa kwa ugwe. Huwapata sana farasi vijana wenye miili mikubwa waliokua haraka, madume zaidi kuliko majike, na wakubwa nao huwapata, viungo vya pingili za chini ya shingo vikivimba kwa uzee vikausonga.

Sasa tuje kwenye kuchechemea, na hapa naomba unisikilize vizuri. Anaechechemea ana maumivu. Mguu unamuuma anaukwepa, na anaukwepa kila hatua vile vile, utamuona wa mbele unaouma ukikanyaga chini kichwa kinapanda juu, tena na tena, unaweza kuhesabu. Farasi wako sivyo. Mtazame akizungushwa duara dogo, mguu wa nyuma wa upande wa nje unakwenda mbali kuliko inavyotakiwa, mara anajikanyaga mwenyewe, mara ncha ya ukwato inaburura mchanga, na hatua hii haifanani na ile. Mguu haukwepi maumivu, mguu haujui uko wapi, maana khabari imekatikia njiani shingoni. Huko ni kupepesuka, kama mtu aliyetoka kwenye homa kali akasimama ghafla. Wengine husema anayumba, si kosa, ila mie kuyumba naliona zaidi neno la chombo baharini, na kupooza usiliseme maadamu bado anatembea.

Tafauti hii si ya kamusi tu wallahi. Ukimwambia mtu farasi anachechemea atatazama ukwato, atampumzisha siku tatu kisha atampandisha tena mgeni. Anaepepesuka hapandwi hata na mtoto, anaweza kuanguka wakati wowote na aliyemo mgongoni akaangukiwa.

Na jengine hukuuliza lakini nnalisikia sana: "farasi huyu ana shingo ngumu". Kwa Kiswahili shingo ngumu ni ukaidi, na mkaidi watu humpiga. Kama shingo haigeuki kwa maradhi sema imekakamaa. Nimewahi kuona punda wa gari akichapwa kwa kutogeuka kushoto, na aliemchapa si mtu mbaya, kaambiwa tu mnyama mkaidi.

Nadhani tunababaika kwa sababu farasi hapa alikuwa mnyama wa jumba la mfalme. Seyyid Said, Sultani wetu wa Zanzibar, alipoipeleka jahazi yake ya Sultana New York mwaka 1840 walikuwemo farasi wa Kiarabu kwenye zawadi. Basi vyombo vya farasi vikaja na majina ya Kiarabu, hatamu, lijamu, seruji, hata farasi mwenyewe, lakini ya ndani ya mwili tunayo wenyewe zamani, shingo, kikosi, kano, pingili, ugwe, hatuna haja ya kuazima.

Mwandikie tajiri hivi: "Farasi dume wa miaka mitatu anapepesuka miguu ya nyuma. Daktari anasema pingili za shingo zinabana ugwe wa mgongo. Hana jeraha wala hachechemei. Apigwe eksirei ya shingo, na mpaka hapo asipandwe na mtu." Na lile wobla mtajie pia, akimpigia daktari wajue wanasema kitu kimoja.