Darasani Wanacheka kwa Sababu Unasahihisha Mitihani

Kila mwaka, wiki ya tatu au ya nne ya muhula, mwanafunzi mmoja hubaki nyuma baada ya kipindi, begi mgongoni, akisubiri wenzake watoke. Najua anachotaka. Siku hizi huja pia walimu wenzangu vijana, hasa wahadhiri wasaidizi waliomaliza shahada ya uzamili juzijuzi, nao husubiri vilevile pembeni ya mlango wa ofisi. Wanataka kuandika safu ya vichekesho gazetini kama mimi. Walimu karibu wote hunipa sababu moja: "Prof, darasani wanafunzi wangu wanacheka sana."

Nami nilianzia hapo hapo. Nafundisha mawasiliano ya umma Dar es Salaam, na kwa miaka kumi na ushee nimekuwa na safu ya Jumapili katika gazeti la Kiswahili. Kabla ya kuipata nilikuwa na ukumbi wa watu mia mbili waliovunjika mbavu kila nilipomwigiza konda wa daladala. Nikajiona nina kipaji. Ilinichukua muda kutambua kwamba watu mia mbili wanaojua utashika karatasi zao mwisho wa muhula watacheka hata ukiwasomea orodha ya mahudhurio.

Msomaji wa gazeti hakudai maksi. Amesimama mbele ya meza ya magazeti pale kituoni, anasoma vichwa vya habari bure, na daladala yake ikitokea anaondoka katikati ya sentensi yako bila kukuaga. Ukitaka kujua kama unachekesha, mtafute huyo.

Makala yangu ya kwanza ilihusu michango ya harusi. Niliianza na Harold Lasswell, yule Mmarekani aliyetuachia mwaka 1948 swali ambalo kila mwanafunzi wa mawasiliano hulikariri: nani anasema nini, kwa njia ipi, kwa nani, na kwa matokeo gani. Nikaeleza kwamba kadi ya mchango ni ujumbe. Nikafafanua mpeleka ujumbe ni nani. Nikaweka na historia kidogo. Mhariri, mama mmoja aliyeanza kazi enzi za mashine za taipu, akanipigia simu. "Profesa, umepiga hodi aya tatu nzima. Mlango uko wazi, ingia."

Wakati huo hata uzamivu nilikuwa sijamaliza, lakini katika chumba cha habari kila anayefundisha chuo huitwa Profesa, hasa akikosea. Alizifuta zote tatu. Makala ikaanza pale nilipokuwa nimeandika kwamba kadi ya mchango ilinifikia kabla bwana harusi hajapata mchumba. Jumapili ile nilinuna. Jumatatu mlinzi wa getini, ambaye hakuwahi kunisemesha zaidi ya salamu, alinisimamisha akaniuliza kama huyo bwana harusi hatimaye alipata mke.

Tangu siku hiyo naandika mpaka mwisho, kisha narudi juu kutafuta mahali nilipoanza kusema kitu. Mara nyingi ni aya ya pili, siku mbaya ni ya nne. Vilivyo juu ya hapo ni kusafisha koo. Sisi wa vyuoni ndio wagonjwa wakubwa wa jambo hili, maana tumefundishwa kutoingia mahali bila utangulizi, usuli na tamko la tatizo.

Jambo jingine ambalo chuo hakikufundishi ni kwamba gazeti letu husomwa kwa sauti. Nenda kijiwe chochote cha kahawa asubuhi: mmoja anasoma, wengine wanasikiliza huku wakitafuna kashata, na redioni watangazaji nao wanapitia magazeti ya siku. Sentensi yako itapita kwenye pumzi ya mtu mwingine. Ikiwa ndefu ataikatisha mahali pabaya, na kichekesho kitaanguka kama chapati sakafuni. Mimi humsomea muuza kahawa wa mtaani kwetu kabla ya kutuma. Simwambii ni yangu, ingawa alishajua siku nyingi. Naangalia mkono wake tu. Akiendelea kusuuza vikombe, narudi nyumbani kuandika upya. Akisimamisha mkono, natuma.

Vijana wengi huniletea makala zilizojaa alama za mshangao na maneno kama "kichekesho", "ajabu na kweli", "mbavu sina". Hayo ni kumwambia mgeni chakula ni kitamu kabla hajaonja. Kiswahili kimekupa vifaa vidogo vinavyofanya kazi kubwa kimyakimya. Chukua "eti". Ukiandika "maji yatatoka kesho", umetoa taarifa. Ukiandika "eti maji yatatoka kesho", umeshaandika safu nzima, na kila mwenye ndoo ndani anakuelewa.

Au chukua viambishi vya ngeli. Mtu akiwa kijitu amepungua, akiwa jitu ametisha, na bosi aliyekuja na "ligari lake" hahitaji kivumishi. Mwaka 2008 waziri mmoja wetu aliulizwa kuhusu fedha zake zilizokuwa ng'ambo, zaidi ya dola milioni moja, akaziita "vijisenti". Hakuna mwandishi wa vichekesho nchini aliyewahi kutunga kitu kikali kuliko neno hilo, na mwenyewe wala hakuwa anatania. Viambishi viwili vimebebana mgongoni, vi na ji, vinapunguza kile ambacho hakipunguziki. Waziri akaondoka serikalini mwezi huo huo, neno likabaki mitaani. Huwa nalitumia darasani kila mwaka, na hapo nakubali kwamba wanacheka kweli.

Kejeli iliyoandikwa ni hatari kuliko unavyodhani, kwa sababu karatasi haina uso. Niliwahi kupendekeza gazetini, kwa sura ya mtu mzima kabisa, kwamba wahadhiri waanze kutoza ada ya salamu: "shikamoo" shilingi mia mbili, "mambo vipi" elfu moja kwa utovu wa nidhamu. Jumatano mzazi mmoja akapiga simu chuoni kuuliza kama ada hiyo inalipwa kwa muhula au kwa mwaka. Wenzangu walimcheka yule mzazi. Mimi sikuweza kumcheka, kwa kuwa ada za ajabu kuliko hiyo amezilipa, na akapewa risiti. Nilikuwa nimetia chumvi kidogo mno. Ukikejeli, vuka mpaka kiasi kwamba hata mtu mwenye haraka aone umevuka. Mimi leo ningetoza na pango la kivuli cha mwembe ulioko mbele ya utawala.

Sasa utani, na hapa naomba mnivumilie maana ndipo ninapogombana na vijana zaidi. Wengi hufikiri safu ya vichekesho ya Kitanzania lazima iwe na Mchagga na pesa, Mhaya na majivuno, Mzaramo na ngoma. Wananiambia: Prof, huo si utamaduni wetu? Utani ni wetu, tena una sheria. A. R. Radcliffe-Brown, mwanaanthropolojia Mwingereza, aliandika mwaka 1940 kwamba utani ni uhusiano ambamo mtu anaruhusiwa na mila, na pengine analazimika, kumtania mwenzake, na yule mwenzake hatakiwi kukasirika. Babu zetu walilijua hilo bila jarida. Lakini angalieni masharti. Mtani wako unamjua. Anakutania akiwa mbele yako, nawe unamrudishia papo hapo. Na siku ya msiba mtani huyo huyo aliyemwigiza marehemu anavyotembea na kuwadai wafiwa hela ndiye aliyetakiwa kushika kazi za mazishi. Deni la utani hulipwa kwa jembe.

Gazetini hakuna jembe. Unamtania mtu asiyekujua, asiye mtani wako, asiye na nafasi ya kukujibu ukurasa wa tisa, na msiba wake huendi. Hapo kilichobaki ni dharau iliyovaa nguo za utani. Nilizikataa makala tatu za kijana mmoja mzuri sana kwa sababu hiyo, akakasirika, akaacha kunisalimia. Mwaka uliofuata aliniletea makala kuhusu kabila lake mwenyewe, akijiweka yeye katikati kama mjinga mkuu. Niliipeleka kwa mhariri siku hiyo hiyo.

Maana mjinga lazima awepo, na kiti kile ni chako. Wahome Mutahi wa Kenya, ambaye safu yake ya Whispers ilisomwa kwa miaka mingi katika magazeti ya Nairobi hadi alipofariki mwaka 2003, alimfanya Whispers, mhusika aliyemchora kama yeye mwenyewe, kuwa mlevi mwoga anayetetemeka mbele ya mkewe aitwaye Thatcher. Kila mwanamume alicheka akijificha, na kupitia nyumba ile moja aliweza kuisema serikali. Huyo ni mtu aliyewekwa kizuizini mwaka 1986. Alijua vizuri kicheko kinagharimu nini. Profesa anayejiweka juu ya msomaji anahubiri tu. Profesa aliyesimama dirishani benki dakika arobaini kwenye foleni ya wateja wa mikopo, naye alikuja kuweka elfu kumi, huyo ana safu.

Ndugu zako je? Niliandika juu ya mjomba wangu. Sikumtaja jina, nikambadilishia kazi, nikampunguza hata mke mmoja. Nilisema tu kwamba katika kikao cha harusi alisimama, akatoa hotuba ya nusu saa juu ya umoja wa ukoo, kisha akaahidi shilingi elfu ishirini. Ukoo mzima ulimtambua kabla ya saa nne asubuhi. Nikaitwa. Nilikwenda nimejiandaa kuomba radhi, nimebeba sukari kilo mbili. Mjomba alikuwa amelikunja gazeti kwenye ukurasa wenyewe. "Umenidhalilisha mjomba wako," akasema. "Niliahidi hamsini."

Hiyo hamsini hajaitoa mpaka leo. Watafiti wawili, Peter McGraw na Caleb Warren, walisema mwaka 2010 kwamba kitu huchekesha pale kinapovunja utaratibu na wakati huo huo kikaonekana hakina madhara. Nawafundisha wanafunzi maelezo hayo na nayakubali, ila nawaongezea swali la mjomba: hakina madhara kwa nani? Siku hizi wahusika wangu nawapika kutoka kwa watu watatu, na yule anayejitambua namwachia nafasi ya kusema ni wale wawili wengine.

Kwa watu wenye madaraka mambo ni tofauti, hao waseme. Lakini sema ofisi na tendo, na uwe na ushahidi wa tendo kana kwamba unaandika habari ya ukurasa wa kwanza. Kusema "nilikuwa natania" hakutakuokoa kwenye kesi ya kashfa. Soma Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, na ukibandika makala zako mtandaoni soma na ile ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Ni usomaji mkavu, lakini mhariri wako anazijua na atakuheshimu zaidi akiona nawe unazijua.

Kuhusu malipo, usiache kazi. Kuhusu cheo, niliwahi kupeleka bahasha ya makala zaidi ya mia mbili kwenye kamati ya upandishaji vyeo, nikarudishiwa na kikaratasi kilichosema "hazihusiki". Walikuwa sahihi kwa kanuni zao: wanahesabu machapisho yaliyopitiwa na wataalamu wenzako, na muuza kahawa hayumo kwenye orodha ya wataalamu. Andika makala zako za kitaaluma asubuhi ubongo ukiwa mzima. Safu iandike jioni, na uwe na makala mbili za akiba zisizotaja tukio lolote la wiki, kwa siku ambayo mtoto ataugua au umeme utakatika Alhamisi saa kumi. Mimi ya akiba yangu ni kuhusu soksi, na imeniokoa mara nne.

Ugonjwa ambao bado sijapona ni aya ya mwisho. Ualimu ukishakuingia, unashindwa kumwachia msomaji aende bila kazi ya nyumbani. Unataka kumwambia sasa amejifunza nini. Mhariri wangu alistaafu akiwa bado anazifuta, na huyu kijana aliyemrithi ananiogopa, kwa hiyo zinapita.

Mwezi uliopita nilinunua maandazi manne kwa mama mmoja karibu na stendi, akayafunga kwa ukurasa wangu. Aya ya mwisho, ile ya usia, mafuta yalikuwa yameshaimeza yote. Jamaa aliyekaa pale benchini aliuchungulia ukurasa mkononi mwangu, akausoma kuanzia juu, akacheka peke yake, akaniuliza kama hapo palipolowa palikuwa pameandikwa nini. Nikamwambia sijui. "Basi," akasema, "ilishakwisha hapo juu," akachukua andazi langu moja.