MUULIZE MCHUNGAJI: Mahindi yamepokelewa, neno limekataliwa

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Mimi ni mkulima huku Mpanda na katibu wa kwaya. Sikukuu ya mavuno mwaka huu tuliifanya ibada ya kumshukuru Mungu kwa ajili ya nchi yetu. Jirani yangu, mzaliwa wa Katumba ambaye wazazi wake walikimbia Burundi, alileta gunia mbili za mahindi, akaomba atoe neno la shukrani. Mzee mmoja wa kanisa akasema mahindi yapokelewe, ila neno aseme mzawa. Jirani alinyamaza tu, nami tangu siku hiyo sina raha. Mzee alikuwa sahihi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, hakuwa sahihi hata kidogo. Angekataa vyote viwili ningesema ana roho ngumu. Lakini kupokea gunia na kumfunga mwenyewe mdomo!

Soma Kumbukumbu la Torati 26. Mkulima wa Israeli analeta malimbuko kapuni, kuhani anaweka kapu mbele ya madhabahu, kisha mkulima anatakiwa aseme. Anaanzia wapi? Kwa baba yake, Mwarami aliyekuwa karibu kupotea, akashuka Misri kukaa ugenini. Habari za nchi njema yenye maziwa na asali zinakuja baadaye. Sisi tukipewa kipaza sauti siku ya mavuno tunaanza na Mlima Kilimanjaro, Serengeti na tanzanite, utadhani tuliviumba wenyewe. Halafu mstari wa 11 unaamuru watu wafurahi: wewe, na Mlawi, yule wa kabila la watumishi wa ibada, na mgeni aliye kati yako. Wote kwa baraka zilezile, mahali palepale.

Tena huyo jirani si mgeni. Waliokimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. TCRS, shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi lililoanza hapa nchini mwaka 1964, lilifanya kazi kwenye makazi hayo. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere akatunukiwa Tuzo ya Nansen, ile ya Umoja wa Mataifa kwa wanaohudumia wakimbizi, kwa jinsi nchi ilivyopokea wakimbizi, na mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 kati yao na watoto wao wakatangazwa raia. Nikiulizwa nishukuru nini kuhusu Tanzania, hili nalitaja kabla ya dhahabu ya Geita. Na nani wa kulisimulia vizuri kuliko aliyelelewa ndani yake?

Mwakani msimpe dakika moja ya huruma baada ya matangazo. Ashukuru kabla ya mnada, watu wakiwa bado wametulia, maana jogoo wa kwanza akishanyanyuliwa miguu imefungwa kamba, akanunuliwa, akarudishwa auzwe tena, hakuna anayesikiliza neno. Na mstari wa 12 unataja zaka ya mwaka wa tatu kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Kamati ya mavuno itenge fungu la namna hiyo kabla fedha yote haijaishia kwenye mabati.

Mzee usimwendee kikaoni. Akibanwa mbele ya watu atashikilia neno lake hata kama moyoni ameshaliacha. Nenda kwake jioni na Biblia, umwombe yeye mwenyewe asome sura hiyo kwa sauti. Kwa jirani usingoje mwakani: nenda wiki hii, na ukiweza uende na mwalimu wa kwaya, mkamwombe radhi.