Kamera hutegwa kama dema

Mara ya kwanza nilipopeleka kamera kwenye miamba bandia, yaani saruji iliyozamishwa iwe makazi ya samaki, upande wa Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, nilirudi na video ya dakika arobaini. Karibu nusu yake yalikuwa mapezi yangu mwenyewe. Kwingine samaki aina ya changu walionekana kwa mbali, pale maji yanapoanza kufifia, na kitatange wawili walichungulia kwenye tundu la saruji wakarudi ndani. Nikaandika daftarini: "Samaki wachache." Kumbe walikuwepo, ila walikuwa wananingoja niondoke.

Tangu hapo natega kamera kama watu wanavyotega dema, ule mtego wa samaki unaoshushwa na kuachwa chini. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea kiunzi cha nondo chenye miguu minne, nikakifunga risasi za wavu ili mkondo usikiangushe. GoPro inakaa kama nusu mita kutoka mchangani, inatazama ubavu wa mwamba. Kiunzi nakishusha kwa kamba taratibu, maana ukikitupa kutoka chomboni utavunja matumbawe machanga ambayo wenzako wameyapanda kwa mikono. Kisha naondoka na chombo changu. Nikikaa kuangalia video, dakika kumi na tano za mwanzo nazikata bila huruma, hata kama amepita samaki mzuri kiasi gani.

Chambo nimeacha kutia. Niliwahi kufunga dagaa waliopondwa kwenye kimfuko cha wavu mbele ya kamera. Wakaja mkunga, chewa na kikande wakigombana, na nikaona nimepata kazi ya maana. Kitatange na wale samaki wadogo wa madoido hawakuonekana tena siku ile. Watafiti wengine hutia chambo kwa makusudi, hasa wakitaka kuhesabu samaki wawindaji, na hilo lina mantiki yake. Lakini ukipiga ngoma ya harusi usidhani umeona mtaa unavyoishi siku zote.

Majira nayo yana neno. Wakati wa kaskazi, kati ya Novemba na Machi, maji yetu huwa maangavu. Kusi ikishika utalipa mafuta ya boti ukapige picha ya vumbi. Chagua siku za maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo. Bamvua, inapojaa na kupwa sana, huvuta mkondo mkali unaotibua mchanga, ingawa mkondo kidogo ni mzuri, kwa kuwa samaki aina ya mbono husimama upande mkondo unakotokea wakidaka chembe zinazoletwa na maji. Kama kamera yako imetazama upande wa pili, utasema mwamba hauna kitu.

Kuhesabu ndiko kunakowashinda wengi. Tafi mmoja anaweza kupita mbele ya kamera mara ishirini, nawe ukaandika tafi ishirini. Njia inayotumika ni kutafuta ile picha moja ambamo tafi wengi zaidi wanaonekana kwa pamoja, na hiyo ndiyo namba yako. Watafiti huiita MaxN. Inapunguza hesabu, lakini haikudanganyi kwa kuongeza.

Na tafadhali, kamera ya pili itege kwenye mwamba wa asili ulio jirani, siku ileile na saa ileile. Kuna ubishi wa miaka mingi kama miamba bandia huzalisha samaki au huwakusanya tu kutoka kwingine. Kwa mvuvi jambo hili si la darasani: samaki waliokusanyika mahali pamoja humalizwa kwa wavu mmoja. Mimi huangalia wadogo. Nikiona changu wa urefu wa kidole wakitoka matunduni, mwezi baada ya mwezi, na tafi na pono wakiguguna mwani kwenye saruji hadi pakabaki peupe pa matumbawe kushika, hapo naanza kuamini. Meli kama MV Dania, iliyozamishwa makusudi nje ya Mombasa mwaka 2002, inapendeza sana kwenye video, lakini hata pale swali ni lilelile.

Ya vifaa nisikuchoshe nayo: unywele mmoja kwenye mpira wa kuzuia maji uliniulia kamera nzima. Vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya usivitupe, vitie ndani ya kasha la kamera ili kioo kisishike ukungu. Halafu zungumza na BMU ya pale, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, kabla hujashusha chochote, na ndani ya hifadhi uende kwa KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya.

Video ikishakuwa tayari, waonyeshe wavuvi. Nilikuwa na kipande ambacho chewa amelala kando ya tofali karibu dakika sita, nami nimeandika "anapumzika." Jioni moja nikamwonyesha mzee mmoja wa madema kwenye simu. Akaitazama kimya, akairudisha nyuma kwa kidole, akaitazama tena.

"Mwanangu, wewe waangalia chewa. Angalia anachokiangalia yeye."

Nikakuza picha. Chini ya tofali, rangi moja na saruji, palikuwa na pweza akiingiza mkono tundu baada ya tundu, na kila alipohama, chewa alijisogeza naye kidogo, akingojea kile kitakachokurupuka.

Nilikuwa nimeitazama video ile mara nne.