Pampu inajiwasha usiku na bafu la motahomu linavuja: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina motahomu (gari la kulala lenye jiko na bafu ndani) iliyotoka Uingereza, imejengwa juu ya Fiat Ducato, tunapelekea wageni wachache wachache kutoka hapa Moshi. Miezi miwili sasa bafu lake linavuja. Mtu akioga, baada ya muda maji yanatokea mlangoni mwa bafu, na ubao wa sakafu pale umeanza kulainika. Halafu usiku, watu wote wamelala, pampu inajiwasha sekunde moja au mbili, inanyamaza, robo saa baadaye tena. Nimeziba kwa silikoni mara mbili. Fundi bomba wa nyumbani kwetu anashauri tung'oe mabomba yote ya ndani atuwekee PPR, yale ya plastiki ngumu ya kuchomea kwa joto. Nimruhusu? (Msomaji, Soweto, Moshi)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usimruhusu. Sisemi hajui kazi. PPR yake kwenye nyumba itakaa miaka bila kukusumbua. Ila nyumba haitembei. PPR ikishachomewa inakuwa mfupa mmoja toka kwenye pampu hadi shawa, na gari likishika rafu ya Ngorongoro kwenda Naabi, mtikisiko wote unaishia kwenye elbo na kwenye nyuzi za fitingi. Waliojenga magari haya huweka bomba jembamba linalopinda, mara nyingi la milimita 12, makusudi, ili licheze na bodi. Halafu ifikirie ile mashine ya kuchomea, joto karibu nyuzi 260, ndani ya kabati la plaiwudi lenye nyaya.

Sasa ugonjwa wenyewe. Kwa maelezo yako naona mivujo miwili, nawe umeitibu kama mmoja. Pampu kujiwasha wakati hakuna anayeoga ni habari ya upande wa presha. Maji kutokea mlangoni baada ya mtu kuoga ni habari ya trei (beseni la sakafuni unaposimama kuoga), tundu la kutolea maji machafu, au maungio ya ukuta. Ule wa kwanza hautapona hata upake silikoni ndoo nzima, maana silikoni ya kupaka kwa nje haizuii maji ya presha.

Anza na pampu. Ya kwako ni ile yenye swichi ya presha. Ukifunga koki inaendelea kusukuma mpaka presha ifike bar 2 au 3 hivi, kisha inajizima. Mabomba yakiwa mazima, presha hiyo inabaki humo usiku kucha. Ikitoroka kidogo, swichi inahisi, pampu inakohoa mara moja, inatulia. Robo saa kati ya kikohozi na kikohozi maana yake ni tone kwa tone. Siku ukisikia inakohoa kila dakika mbili, ujue mambo yameharibika zaidi.

Lakini usikimbilie kufungua kuta. Ndani ya pampu kuna valvu ya kuzuia maji yasirudi kwenye tangi. Chembe moja ya mchanga ikikaa hapo, presha inarudi nyuma kimyakimya na hutaona tone popote. Kulijua hilo ni rahisi: zima pampu, fungua koki presha itoke, chomoa bomba linalotoka kwenye pampu, ziba mdomo wa pampu kwa kizibo kinachokaza sawasawa, washa tena. Ikiendelea kukohoa, mgonjwa ni pampu yenyewe. Safisha chujio lake, fungua kichwa, toa uchafu kwenye valvu. Ikikaa kimya nusu saa nzima, mvujo uko mbele, kwenye mabomba.

Hapo ndipo poda ya mtoto inapofanya kazi. Kausha kila kiungio kwa kitambaa, tandika gazeti chini, nyunyiza poda kidogo juu ya fitingi na sehemu iliyo chini yake. Washa pampu, kaa na tochi. Tone hata liwe dogo namna gani linachora mstari kwenye poda, na mwanzo wa mstari ndio mahali pa kushika. Anzia nyuma ya koki ya kuchanganyia maji ya shawa (kawaida kuna kijipaneli cha skrubu nne upande wa pili, ndani ya kabati la nguo), kisha nenda kwenye hita, maana maji ya moto ndiyo yanayolegeza mipira na klipu kuliko ya baridi.

Kama fitingi zako ni zile za kusukuma tu, bila nyuzi, ukichomoa bomba tazama ncha yake. Naweza kukisia utakachokuta: mkwaruzo wa urefu, au ncha iliyokatwa mshazari kama muwa. Ndani ya fitingi kuna oringi, pete ya mpira, na oringi haiwezi kuziba juu ya mkwaruzo. Kama bomba lina ulegevu wa kutosha, kata sentimita moja na nusu kwa wembe mpya, mkato uwe mraba kabisa, lainisha ukingo, kisha sukuma. Utahisi ukinzani mara ya kwanza, hapo bado. Sukuma tena mpaka ligote. Halafu livute kwa nguvu, likibaki, umemaliza.

Taabu inakuja fitingi yenyewe ikiwa imepasuka. Maduka ya vifaa vya ujenzi ya Moshi na Arusha yamejaa nusu inchi, robo tatu na PPR ya milimita 20; za milimita 12 za kusukuma utaagiza na kusubiri. Wakati unasubiri, tafuta mpira wa maji ulioimarishwa kwa nyuzi za uzi, kipenyo cha ndani nusu inchi, unaofaa kwa maji ya kunywa. Loweka ncha yake kwenye maji ya moto ilainike, uvishe juu ya bomba la 12 kwa sentimita nne kila upande, kaza kwa klipu za chuma za skrubu. Usikaze kwa hasira, bomba lile linabonyea. Kiraka cha namna hii nimeona kikizunguka Serengeti na kurudi salama, ingawa mimi ningekibadilisha fitingi zikifika.

Niseme na wenye magari ya Kimarekani kabla hawajaniandikia. Nyuzi zenu za nusu inchi na nyuzi za fitingi zetu za madukani zote zina meno 14 kwa inchi, kwa hiyo zinaingiana vizuri tu mwanzoni na fundi anafurahi. Lakini pembe za meno hazifanani, moja ni digrii 60 na nyingine 55, na za kwenu ni za kubana kadiri unavyozungusha. Unafunga tredi tepu mizunguko ishirini, inavuja vilevile. Nunueni adapta.

Na kama unaunganisha gari moja kwa moja na bomba la MUWSA, mamlaka ya maji ya Moshi, kwa mpira, acha. Jaza tangi, kisha tumia pampu ya gari. Presha ya mtaani inabadilika, usiku watu wakilala inapanda, na mabomba yako hayakutengenezwa kwa hiyo.

Tuje bafuni. Kabla ya kugusa kitu, jiulize gari huwa linaegeshwaje. Moshi na Arusha zote ziko kwenye miteremko ya milima, na trei ya motahomu ina kina kidogo sana. Gari likiinama upande wa mlango wa bafu, maji hayafiki kwenye tundu, yanajaa upande mmoja na kuvuka ukingo. Wapo waliobomoa bafu kwa kosa la jiwe moja lililokosekana chini ya tairi. Weka pima maji ya fundi (ya kuonyesha usawa) sakafuni, sawazisha gari, halafu ndipo upime.

Upimaji wenyewe ufanye kwa hatua, bila kuwasha shawa. Kausha kila kitu. Ziba tundu la trei, mimina maji ya ndoo mpaka kina cha sentimita tatu, subiri nusu saa, mulika chini na pembeni. Yakionekana maji, trei imepasuka au mkazo wa tundu umelegea. Yasipoonekana, toa kizibo yaende yote kwa mkupuo. Yakionekana sasa, tatizo ni bomba la kutolea maji machafu au kiungio chake. Bado pakavu? Chukua kata ya kuchotea maji, mwagia kuta kidogo kidogo ukianzia chini kwenye pembe, ukipanda. Shawa yenyewe iwe ya mwisho.

Hiyo ya mwisho nilijifunza kwa aibu. Miaka ya nyuma, kwenye karakana huku Unga Limited, Arusha, nilifumua trei nzima ya mteja, siku mbili, kuja kugundua mpira wa shawa ulikuwa umechanika ndani ya ganda lake la chuma. Maji yalikuwa yakitambaa ndani ya ganda, yanatokea nyuma ya ukuta kupitia tundu la mpira. Sikumtoza hela, na mpira mpya nilinunua mimi.

Mara nyingi, hata hivyo, utakuta ni trei. Kanyaga kwa kisigino karibu na tundu huku kuna maji kidogo: ukiona mstari mwembamba kama unywele unatoa vipovu, ndio huo. Trei za magari haya ni plastiki nyembamba, na pale chini pasipo na kitu cha kuishikilia inanesa kila mtu anapokanyaga mpaka inapasuka. Kuziba juu bila kuweka egemeo chini ni kujidanganya. Pitisha vipande vya plaiwudi kwa chini kama kuna njia, viguse trei.

Ufa wenyewe, toboa kitundu cha milimita 2 kila mwisho usiendelee kukimbia. Ikiwa nyuma ya trei kumeandikwa ABS (jina la aina ya plastiki), tafuta plastiki nyingine yenye alama hiyohiyo, ganda la kibodi kuukuu ya kompyuta linafaa, likatekate, ulowanishe kwa asetoni ndani ya chupa ya kioo usiku mzima. Asetoni halisi wanayo wanaouza vifaa vya saluni za kucha. Asubuhi utakuta uji mzito. Uji huo ukipakwa ndani ya ufa unaishika trei iwe plastiki moja, si kama gundi inayobanduka. Ila zima jiko na friji ya gesi, fungua madirisha yote. Mvuke wa asetoni unalipuka.

Silikoni sasa. Ile ya zamani yote itoke, hata utando, maana hakuna kinachoshika juu ya silikoni, hata silikoni mpya. Nadhani ndiyo sababu mara ya pili haikukusaidia. Kwangua, futa kwa spiriti, kausha. Jaza trei maji kabla ya kupaka ili uzito uvute maungio yafunguke kama mtu amesimama humo, paka mstari mmoja usiokatika, acha saa 24, kisha toa maji.

Ubao uliolainika usiufunike sasa. Fungua paneli, acha upepo upite siku kadhaa, na ukiutoboa kwa bisibisi ukaingia kama kwenye mkate, kata kipande hicho ubadilishe. Usifanye kazi hii katikati ya masika, hautakauka.

Kitu kimoja nisije nikasahau kukuambia: wageni wako wakilala ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, asubuhi wakute dimbwi chini ya gari na tangi la hita tupu, wasipige kelele. Hita nyingi za Ulaya zina valvu inayojifungua joto likishuka karibu nyuzi 3, imwage maji yasigande. Inafungwa kwa mkono, joto likishapanda kuzidi nyuzi 7.

Ukimaliza yote, usirudishe paneli bado. Peleka gari kwenye barabara ya vumbi, kilomita ishirini za kutikisika, rudi, sawazisha, washa pampu, funga koki zote, kalale humo. Ikikaa kimya mpaka kuche, funga skrubu.