Maswali na Majibu: Sola Tabora, inalipa au hailipi?

Safu ya leo nimeiachia sola peke yake. Maswali yamekuwa mengi, na ukiyachuja karibu yote ni swali moja: nikifunga, pesa yangu itarudi? Kabla sijamjibu yeyote, shikeni bei kwanza, maana kila kitu kinategemea hapo. Mteja mdogo wa nyumbani, kundi la D1, analipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na zinazozidi hapo ni shilingi 350. Kundi la kawaida, T1, ni shilingi 292 kuanzia uniti ya kwanza. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1. Kwa hiyo mfukoni uniti inatoka kwa shilingi 122, au 427, au 356 na senti. Kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba isiyo ghorofa, inakatwa humohumo kwenye LUKU. Hiyo hata ukifunika bati lote kwa paneli, maadamu una mita, utailipa.

Nina nyumba ya vyumba vitatu, natumia kama uniti 60 kwa mwezi, niko D1. Fundi ameniandikia shilingi 1,900,000 kwa paneli mbili, betri na inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa sola uwe wa kutumika nyumbani). Nitafidia lini? (Mama wa watoto wanne, Ipuli)

Hutafidia, dada yangu. Uniti 60 kwa shilingi 122 ni shilingi 7,320 kwa mwezi, hazifiki 88,000 kwa mwaka. Hiyo 1,900,000 ni LUKU ya zaidi ya miaka 21, na hapo nimekubali kwamba sola itabeba nyumba nzima na betri haitakufa hata mara moja, jambo ambalo halipo. Kama kinachokusumbua ni giza umeme ukikatika watoto wanasoma, nunua seti ndogo ya taa tatu nne yenye sehemu ya kuchajia simu. Pesa inayobaki weka kwenye ada.

Zamani nikinunua LUKU ya 10,000 napata uniti 77. Siku hizi 28! Wananiibia? Na je, nikifunga sola nitapona? (Kijana wa Cheyo)

Hujaibiwa, umehamishwa. Ulikuwa D1, ukawa unapita uniti 75 mara kwa mara, sasa uko T1. Gawanya 10,000 kwa 356 uone kama hupati hizo 28. Na ukinunua mara ya kwanza kwa mwezi ni chini ya 24, kwa sababu kodi ya jengo imepita mbele yako.

Swali lako ndilo lililonifanya niandike safu nzima, kwa sababu hapa ndipo sola ndogo inapoweza kumlipa mtu wa kawaida mjini, na sijawahi kumsikia fundi akilisema. Tuseme unatumia uniti 90. Ukiwa T1 zinakugharimu shilingi 32,000 na ushee. Ungekuwa D1 unatumia 75 tu, ni shilingi 9,150. Yaani uniti 15 za mwisho ndizo zinazokula karibu shilingi 23,000 kila mwezi. Huhitaji sola ya kubeba nyumba, unahitaji kitu cha kubeba hizo 15.

Sasa zitafute ndani. Televisheni ya wati 60 ikiwaka saa sita kwa siku ni kama uniti 11 kwa mwezi. Taa sita za wati 9, saa tano kila usiku, ni uniti 8. Jumla 19. Paneli moja ya wati 200 kwa jua letu, ukishatoa upotevu wa waya, joto na betri, inakupa kama uniti 0.6 kwa siku, ambazo ni hizohizo 18 au 19 kwa mwezi. Ukipata seti hiyo na betri yake kwa shilingi 700,000, tuseme, na ukarudi D1, inajilipa ndani ya miaka miwili na nusu hivi.

Lakini anza na visivyo na gharama. Pasi: kusanya nguo, piga siku moja kwa wiki, acha kuiwasha kila asubuhi kwa shati moja. Friji ambayo mpira wa mlango umekufa inazunguka usiku kucha bila kupumzika. Ikishindikana, ndipo sola. Na ukishashusha matumizi usikae nyumbani ukingoja, kwa maana kurudi D1 hakuji kwenyewe. Nenda ofisi ya TANESCO na namba ya mita, omba waangalie manunuzi yako ya miezi iliyopita.

Nauza soda na samaki, nina friza mbili, LUKU inakwenda 70,000 kwa mwezi na umeme ukikatika nawasha jenereta. Nimeambiwa sola haiwezi friza. (Mwenye duka, Ng'ambo)

Aliyekuambia alikuwa anawaza betri. Wewe funga paneli za kufanya kazi mchana. Kwa 70,000 unatumia karibu uniti 200 za T1, na friza inahangaika zaidi mchana, mlango unapofunguliwa kila dakika na joto la Oktoba liko dukani. Ukihamishia nusu ya hizo kwenye jua, unaokoa kama shilingi 35,600 kwa mwezi, zaidi ya 427,000 kwa mwaka. Mfumo wa shilingi milioni mbili unarudi kabla ya miaka mitano, na paneli zenyewe huenda miaka 20 na zaidi.

Halafu ongeza jenereta. Jenereta ndogo hukupa uniti moja na nusu, mbili ukibahatika, kwa lita ya petroli. Petroli ikiwa shilingi 3,000, uniti moja inakutoka 1,500 au 2,000. Huyo ndiye anayeshindana na sola, kaka, si LUKU ya shilingi 122. Kila mtu anayeniuliza kama sola ni ghali namrudishia swali: ghali kuliko nini?

Mambo mawili ya kuangalia. Friza ikianza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya wati zake kwa nukta chache, kwa hiyo yenye wati 200 inaweza kudai 1,000 pale inapowaka. Inveta ichaguliwe kwa huo mshtuko, na friza mbili zisianze pamoja. Pili, jaza chupa za maji kwenye friza zigande mchana. Barafu hiyo ndiyo betri yako ya usiku, na haiishi muda wake.

Kwetu kuna mwembe mkubwa wa tangu enzi za babu. Fundi anasema niukate ndipo afunge paneli. (Isevya)

Mwambie fundi atafute mahali pengine pa kufunga. Ni kweli kivuli ni adui: seli ndani ya paneli zimeungwa mfululizo, tawi moja likifunika seli chache sehemu nzima ya paneli inalala, haipungui kidogo tu kama watu wanavyodhani. Lakini Tabora ukianza kukata miembe kwa ajili ya paneli hutamaliza, na jua la saa nane chini ya bati bila mwembe utalijutia. Kaa uangalie kivuli kinapita wapi saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa. Mara nyingi ipo kona ya bati au uwanja ambayo iko wazi muda wote huo. Kama haipo, simamisha paneli kwenye bomba la chuma mbali na nyumba. Waya ukiwa mrefu uwe mnene.

Kuhusu upande wa kuelekeza: mji wetu uko kama nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, jua linapita karibu utosini mwaka mzima. Elekeza kaskazini, inamisha nyuzi 10 hadi 15, na kuinamisha kwenyewe ni kwa ajili ya mvua ioshe vumbi. Kiangazi mvua haipo, kuna vumbi na moshi wa mapori yanayochomwa. Futa kwa kitambaa chenye maji alfajiri au jioni. Saa saba mchana usimwagie kioo cha moto maji baridi.

Shikamoo? Hapana, niamkieni ninyi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nalima tumbaku Urambo, nguzo ya mwisho iko kama mita 700 toka kwangu. Nisubiri umeme au nichukue hizi sola za kulipa kidogo kidogo? (Mstaafu)

Shikamoo mwalimu. Usisubiri gizani. Kuunganishiwa kijijini ni shilingi 27,000, bei rahisi kweli, ila ni kwa aliye karibu na nguzo. Mita 700 ni suala la nguzo mpya, na hizo zina ratiba yake. Kwako hesabu ya uniti haipo, kuna mafuta ya taa, betri za tochi na nauli ya kwenda kuchajisha simu. Sola inavishinda vyote.

Ila hao wa kidogo kidogo, kabla ya kusaini jumlisha. Kianzio 50,000 na shilingi 1,000 kila siku kwa miaka miwili ni 780,000. Siwasemi kwamba ni wezi, wanakukopesha na mkopo una bei yake, tena wanakuja kukutengenezea. Lakini mkulima wa tumbaku hupata pesa kwa msimu. Mauzo yakitoka, linganisha na kununua taslimu. Na uulize: nikichelewa kulipa wiki mbili, taa zinazimwa?

Bwawa la Nyerere limeisha, megawati 2,115. Si tungoje bei ishuke? (Mfuatiliaji, Nzega)

Bwawa lilitutoa kwenye mgao wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, mitambo ilipoanza kuwashwa Februari 2024. Hilo ni la wingi wa umeme. Bei inapangwa kwa idhini ya EWURA, na mimi siwezi kukuahidi kitu. Tena nguzo ikianguka kwa upepo wa masika, megawati zote za Rufiji hazikufikii.

Nikizalisha ziada naweza kuwauzia TANESCO? (Kanyenye)

Usiiweke kwenye hesabu yako. Na usiruhusu fundi arudishe umeme kupitia mita ya LUKU kinyemela: mita nyingi za malipo ya kabla huhesabu umeme unaopita bila kujali unaelekea wapi. Utawapa umeme na uniti zikatwe.

Betri ya N200 ya lori au ya lithiamu? Tofauti ya bei inatisha. (Dereva, Kiloleni)

N200, yaani ya volti 12 na ampea-saa 200 (200Ah), kwenye karatasi ni uniti 2.4, lakini betri ya asidi ukiikausha zaidi ya nusu kila siku unaiua. Kwa hiyo unayo 1.2. Lithiamu ya 100Ah inabeba 1.28 na unaruhusiwa kuitumia asilimia 80 au 90, basi unabaki na karibu 1.1. Umeona? Linganisha bei ya N200 na bei ya lithiamu nusu yake, siyo 200 kwa 200. Halafu betri ya lori imetengenezwa kupiga stata, itoe moto mwingi kwa sekunde chache kisha ijazwe tena. Taa na televisheni usiku kucha si kazi yake. Mchezo huo wa kila siku huimaliza mapema, ilhali lithiamu nzuri inavumilia mizunguko maelfu.

Ukiwa na uwezo chukua lithiamu. Ukikosa, chukua ya asidi iliyotengenezwa kwa sola, uiweke sakafuni mahali penye hewa. Chumbani juu ya dari chini ya bati ndiko zinakokwenda kufa, maana joto likipanda nyuzi 10 juu ya 25 umri wa betri ya asidi hupungua karibu nusu.

Nimenunua paneli imeandikwa 300W, chaji hazijai. Nitajuaje kama ni feki? (Msusi, saluni stendi)

Chukua tepu ya fundi nguo, dada. Pima urefu na upana kwa mita, zidisha, kisha zidisha na 200. Hapo ndipo paneli nyingi za kawaida ziko, wati 200 kwa mita moja ya mraba, nzuri sana zinapita kidogo. Yako ikiwa mita 1.2 kwa 0.6 unapata 144. Haiwezi kuwa 300 hata ikipandishwa juani Dodoma. Paneli halisi ya wati 550 ina urefu wa karibu mita 2.3 na upana wa mita 1.1, na uzito wa kilo 27 au 28. Mtu mmoja anahangaika nayo.

Ukubwa ukikubali, geuza nyuma usome kibandiko, palipoandikwa Isc, yaani ampea ambazo paneli inatoa waya zake mbili zikigusanishwa. Saa sita mchana jua likiwa wazi, fundi aweke mita ya ampea kwenye waya mbili za paneli ikiwa haijaungwa popote. Namba ikiwa karibu na ile ya kibandiko, paneli haina kosa, tafuta kwenye chaji kontrola (kifaa kinachosimamia uchaji wa betri) au betri. Ikiwa nusu, irudishe ulikonunua na risiti. Kipimo chenyewe ni cha dakika moja, kwa hiyo safari ijayo kifanyike nje ya duka kabla pesa haijatoka.