Re: Programu ipi ya kutunza taarifa za wateja 300 na maelezo yao?

Umeuliza programu ya kutunza taarifa za wateja 300 na maelezo yao. Kama watakaoitumia ni watu wawili, usianze na jina la programu. Anza na swali hili: mteja akipiga simu, mnahitaji kuona nini ndani ya sekunde kumi? Kwa kawaida ni mazungumzo ya mwisho, mlichomwahidi na tarehe yake. Basi kila dokezo lazima likae kwenye ukurasa wa mteja, likiwa na tarehe na jina la aliyeandika, na ahadi iwe na kikumbusho. Daftari la kawaida la simu linashindwa hapo hapo.

Kati ya programu za kutunza taarifa za wateja (CRM), HubSpot ina toleo la bure, na Zoho CRM pia ina lake, la watumiaji wasiozidi watatu. EspoCRM ni ya msimbo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia, ila mkiisakinisha wenyewe, seva (kompyuta inayoiendesha) na nakala rudufu za data mtazisimamia wenyewe. Kama hakuna anayeijua kazi hiyo, iacheni.

Kinachoharibu mambo zaidi ni kuhamisha data kuingia kwenye programu mpya, mara nyingi kupitia jedwali la Excel. Excel hula sifuri ya mwanzo ya namba za simu, kwa hiyo ifanye safu hiyo kuwa maandishi kabla ya kuandika au kubandika namba. Ondoa majina yanayojirudia, kisha ingiza wateja 20 tu kwanza. Halafu watoe tena kwenye programu kama faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) uangalie kama madokezo nayo yanatoka. Yasipotoka, tafuta programu nyingine kabla hujaingiza hao 280 waliobaki.